Kuishi na teria chotara Mombasa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mbwa wangu anaitwa Chachandu. Ana kilo saba, mwili mweupe wenye mabaka ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limeanguka. Mamake alikuwa Jack Russell, aina ya teria, wa nyumba moja ya Nyali. Babake hakuna amjuaye, yaelekea ni mmoja wa mbwa koko wa ufuoni. Nimeishi naye miaka sita hapa Tudor, katika nyumba ya ghorofa yenye ua mdogo wa pamoja. Mwaka wa kwanza ulitutesa sote. Alichimba ua, alibweka usiku, alitafuna nusu ya mkeka, na siku moja ya Februari nusura nimpoteze kwa joto. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyotamani mtu angenieleza kabla sijampokea.

Shika jambo moja tangu mwanzo: teria ni mbwa wa kazi. Ukimnyima kazi ataitafuta mwenyewe, na atakayoipata haitakupendeza wewe wala jirani yako.

Hatua ya 1: Mjue unayemleta

Jina teria lina asili ya Kilatini, terra, yaani ardhi. Mbwa hawa walizalishwa Uingereza ili waingie mashimoni kuwatoa mbweha na kuua panya. Jack Russell wamepewa jina la mchungaji John Russell, ambaye mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi huko Oxford, alimnunua teria jike aliyeitwa Trump na kuanza kuendeleza kizazi chake. Mbwa aliyetakiwa alikuwa mdogo wa kupenya shimoni, jasiri wa kumkabili mbweha gizani, na mwenye sauti isiyochoka, ili wawindaji walio juu wajue yuko wapi chini ya ardhi.

Sasa mchukue mbwa huyo umweke kwenye nyumba ya vyumba viwili Tudor, Bamburi au Mikindani. Kuchimba, kubweka na kukimbiza vitu ndiyo taaluma aliyorithi. Chotara anaweza kuwa mpole kidogo kutegemea damu ya upande wa pili, lakini usikae ukisubiri atulie kwa sababu amechanganyika. Na usihesabu kwamba atatulia upesi kwa umri. Mbwa wadogo wa namna hii wakitunzwa huishi miaka 12 hadi 15, wengine zaidi. Mtoto wako anayeingia darasa la kwanza leo anaweza kumaliza shule mbwa angali yupo.

Ukiona hapa kwamba huna saa moja na nusu ya kumpa kila siku, asubuhi na jioni pamoja, tafuta paka. Mombasa haina uhaba wa paka.

Hatua ya 2: Zungumza na watu kabla ya kununua kola

Mwanzo mwenye nyumba, na akikubali mwombe aandike. Kisha majirani, mlango kwa mlango. Mimi sikufanya hivyo, nikadhani mbwa mdogo ni jambo dogo. Wiki ya pili jirani yangu wa chini, mama mtu mzima anayeheshimika na mtaa mzima, alinisimamisha ngazini.

“Mwanangu, mimi mbwa wako simchukii. Lakini akinigusa na mate yake nikiwa na udhu, sala yangu itanichelewa. Hilo umelijua?”

Sikuwa nimelijua. Mimi si Mwislamu, na nilikuwa nimekaa Mombasa miaka mingi bila kuuliza. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mate na unyevu wa mbwa ni najisi, na palipoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mtu anayekwenda msikitini hana nafasi ya kurudi kufanya hayo. Nilimwomba radhi, nikamwuliza tupange vipi. Alinitajia mambo matatu tu: ngazini mbwa abebwe au ashikwe kamba fupi, asipite karibu na nguo zilizoanikwa, na kinyesi chake kisionekane uani hata dakika moja. Tangu hapo hatujakosana, na mimi nimeona kwamba sheria zake tatu zinamfaa mwenye mbwa yeyote katika mji huu.

Suala la serikali lisikuponyoke pia. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni za mbwa. Basi uliza ofisi ya mifugo ya kaunti kuhusu leseni, na weka cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa mahali unapoweza kukitoa mara moja.

Vitu vya kununua si vingi: mkanda wa kifuani (kola peke yake humkaba teria, kwa kuwa huvuta kama punda wa mkokoteni), kamba ya mita mbili, kamba ndefu ya mita kumi ya mafunzo ambayo hata ya dukani kwa vifaa vya ujenzi inatosha, bakuli mbili nzito asizoweza kuzipindua, na kitambulisho cha kola chenye nambari yako ya simu.

Hatua ya 3: Chanjo kwanza, matembezi baadaye

Kama ni mtoto, sindano ya kwanza ya kukinga pavo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, hutolewa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afike wiki kumi na sita. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kabla hajamaliza, asikanyage mahali panapopita mbwa usiowajua. Virusi vya pavo hukaa udongoni miezi mingi, na mtoto wa mbwa akiambukizwa huharisha damu na anaweza kufa kwa siku chache. Mbebe mikononi umwonyeshe mtaa: tuktuk, pikipiki, kelele za soko, watoto wanaotoka madrasa. Umri huo ndio wa kuzoea. Akivuka miezi minne hajawahi kusikia honi ya matatu, utapata kazi baadaye.

Daktari wa mifugo awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Mwulize pia kuhusu minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu. Kwa mbu wa pwani swali hili si la kuahirisha. Kuhasi dume au kufunga kizazi cha jike, zungumzeni mapema. Teria dume asiyehasiwa akinusa jike mwenye joto, ukuta wa futi tano haumzuii.

Hatua ya 4: Panga siku kwa adhana na kwa jua

Hapa ndipo maisha yangu na Chachandu yalipobadilika, kwa hiyo nitaeleza ratiba yetu yote.

Adhana ya alfajiri husikika karibu saa kumi na moja. Mbwa wengi huitikia adhana kwa kulia kama mbwa mwitu; sauti ndefu inayopanda huwaamsha. Jirani anayejiandaa kwa sala hapendi kusikia hayo, na ana haki. Kwa hiyo wakati huo Chachandu yuko ndani, dirisha la upande wa msikiti limefungwa, na ana kitu cha kulamba: kikombe cha plastiki nilichogandishia supu ya kichwa cha samaki usiku. Baada ya wiki tatu hivi za mpango huu, adhana kwake ikawa ishara ya barafu ya supu. Siku hizi ikianza tu anakwenda kukaa mbele ya friji, kimya.

Watu wakisharudi kutoka msikitini, saa kumi na mbili kamili, tunatoka. Lami bado ni baridi, magari hayajajaa. Tunatembea dakika arobaini na tano, na kumi kati ya hizo ni za kunusa tu: namwacha asimame kwenye mwarobaini au nguzo anayotaka, muda anaotaka. Nilikuwa nikimvuta twende, nikidhani mazoezi ni miguu. Kumbe pua ndiyo inayomchosha. Mbwa aliyenusa sana hurudi akalala. Aliyekimbizwa tu hurudi akiwa na pumzi ya kutaka zaidi.

Saa moja tumerudi. Anakula, anapumzika. Mchana kutwa, hasa kuanzia saa tatu hadi saa kumi, hatoki isipokuwa kwenda haja kivulini. Jioni tunatoka tena baada ya Isha, barabara ikiwa imepoa na vijana wa maskani wamekwisha kumzoea.

Hatua ya 5: Joto litamuua kabla ya gari

Nasema hivi kwa uchungu. Februari ya mwaka wa kwanza nilimpeleka kucheza mpira saa nne asubuhi kwenye uwanja usio na kivuli. Alirudisha mpira mara ishirini, thelathini, mkia juu, macho yanang’aa. Sikuona dalili ya kuchoka. Kisha akayumba, akaanguka kwa ubavu, ulimi mrefu na mwekundu kama nyama mbichi.

Mbwa hana jasho la maana isipokuwa kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, maji yakigeuka mvuke kutoka kwenye ulimi na njia za hewa. Lakini hewa ya Mombasa imejaa unyevu, na hewa iliyojaa unyevu haichukui mvuke zaidi. Ndiyo maana nyuzi 32 za hapa ni hatari kuliko nyuzi 32 za mahali pakavu. Na teria ana hatari yake ya ziada: hajui kuacha. Mbwa wengine hulala chini wakichoka. Huyu atafanya kazi hadi aanguke. Wewe ndiye utakayeacha kwa niaba yake.

Kanuni zangu za kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, ni hizi. Mpira ni dakika kumi tu, na ni alfajiri. Kabla ya kutembea naweka mgongo wa kiganja juu ya lami nikihesabu hadi saba; nikishindwa, yeye pia nyayo zake zitaungua. Maji natembea nayo. Ndani ya gari lililosimama simwachi hata nikiingia dukani kununua mkate.

Ukiona mate mazito yanayonata, ulimi mwekundu mno, kuyumba, kutapika au macho yasiyokutambua, usianze kutafuta usafiri. Mpoze kwanza: kivulini, mwagia maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, huku ukimpepea kwa feni, kipepeo, hata kifuniko cha sufuria. Usimfunike kwa taulo lililolowa ukaliacha, kwani hugeuka blanketi la mvuke. Usimtilie maji mdomoni kwa nguvu. Akianza kupata nafuu ndipo umpeleke kwa daktari, hata kama amesimama na kutikisa mkia. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 na ushei; likizidi 41 viungo vya ndani huanza kuharibika, na madhara yake yanaweza kujitokeza siku ya pili.

Hatua ya 6: Mpe kazi ndani ya nyumba

Mchana wote huo akiwa ndani atafanya nini? Hapa ndipo wengi hushindwa, wakaishia kumfunga mnyororo uani, na mbwa aliyefungwa hubweka hadi majirani wakaenda kulalamika kwa mwenye nyumba. Haya ndiyo yanayotufaa sisi:

Omena mkekani. Chukua omena wasiotiwa chumvi (dagaa wa pwani wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi, waepuke), wakate vipande vidogo, uwafiche kwenye mikunjo ya mkeka, nyuma ya mguu wa meza, chini ya kopo. Mwambie “tafuta”. Dakika kumi za kazi hii zinamlaza saa mbili.

Leso yenye mafundo. Leso kuukuu ifunge mafundo matano au sita, kila fundo lina punje chache za chakula chake. Afungue mwenyewe. Atapasua, ni kazi yake. Wewe ondoa nyuzi zilizokatika asije akazimeza. Nilijaribu makumbi ya nazi pia na anayapenda mno, lakini nyuzi zake zikimezwa zinaweza kuziba utumbo, kwa hiyo siku hizi anayachezea nikiwa nimekaa naye tu.

Shimo halali. Hili ndilo lililoniokoa na mwenye nyumba. Kona moja ya ua, kwenye kivuli cha ukuta, nimezungushia matofali eneo la mita moja kwa moja na kulijaza mchanga. Humo nafukia kamba, kopo, mfupa mbichi mkubwa wa ng’ombe. Mara za kwanza nilichimba naye kwa mikono yangu. Akichimba kwingine namwambia “acha”, namwongoza hadi shimoni kwake, na akianza kuchimba pale namsifu kama aliyechimba kisima. Ilichukua mwezi. Mimea ya jirani imesalimika.

Hatua ya 7: Maneno mawili kabla ya mengine yote

Mafunzo yawe ya dakika tatu, mara nne au tano kwa siku, kabla ya chakula. Zawadi iwe ndogo kama punje ya hindi: maini ya kuku yaliyochemshwa bila kitunguu yanatosha. Na jina liwe fupi. Chachandu tunamwita Chandu, kwa sababu jina la kuitia mbwa anayekimbia linapaswa kutoka mdomoni kwa pumzi moja.

“Njoo” anza nalo ndani ya nyumba, mkiwa hatua mbili. Akija, zawadi. Ongeza umbali, kisha nendeni uani, kisha mahali pa wazi akiwa kwenye ile kamba ya mita kumi. Usimwite ili umwadhibu, umwogeshe au umalize mchezo. Mara nyingi mwite, mpe zawadi, mwachie aendelee. Hata akishafuzu, mimi simwachi huru karibu na barabara. Paka mmoja akikatiza, miaka mia mbili ya uzao itashinda maini yako.

“Acha” ndilo litakalookoa maisha yake. Fumba zawadi kiganjani. Atanusa, atakwaruza, atalamba. Ngoja bila kusema. Akirudisha pua nyuma hata kidogo, sema “acha” na umpe zawadi nyingine kutoka mkono wa pili. Akishaelewa, weka zawadi sakafuni chini ya mguu wako, kisha sakafuni wazi, kisha tumia kiatu, mfupa wa kuku wa barabarani, hatimaye paka aliye mbali. Kila hatua siku kadhaa. Kupiga hakusaidii mbwa huyu. Amezalishwa kukabiliana na mnyama anayemng’ata usoni. Maumivu humpandisha hasira tu, na utafundisha mkono wako uwe kitu cha kuogopwa.

Kuhusu kubweka mlangoni: mara mbili, tatu, mwache, ametoa habari. Kisha nenda mlangoni, tazama kweli, sema “asante”, na mwite kwenye mkeka wake kwa zawadi. Ukimpigia kelele anyamaze, yeye husikia kwamba nawe unabweka pamoja naye. Nyumba za ghorofa zina miguu ngazini kutwa nzima, basi usimweke karibu na mlango. Mpe chumba cha nyuma na uwashe redio kwa sauti ya chini.

Tumbili wa Nyali na kunguru wa mji mzima wana tabia ya kuja kumchokoza na kumwibia chakula. Mlishe ndani. Tumbili ana meno makali, na teria hatapima ukubwa wake kabla ya kumrukia.

Hatua ya 8: Ufuoni

Hakuna mahali ninapomwona akiwa na furaha kama mchangani saa kumi na mbili asubuhi maji yakiwa yamekupwa, akifukuza kaa hadi kwenye mashimo yao na kuchimba mchanga ukaruka nyuma yake. Kazi ya babu zake ile ile, ila mbweha amekuwa kaa. Hajawahi kumshika hata mmoja, wala haimpunguzii bidii.

Angalia jedwali la kupwa na kujaa kabla ya kwenda. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, hayaachi mchanga wa kutosha kupishana na watu. Epuka ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta siku za Jumamosi na Jumapili, na siku za sikukuu usithubutu. Katikati ya wiki alfajiri utakutana na wavuvi na wakimbiaji; salimia, fupisha kamba, pisha.

Hatari kubwa ya ufuoni ni bunju. Samaki huyu anayejivimbisha ana sumu isiyo na dawa ya kuivunja, na wavuvi humtupa anaponaswa nyavuni. Hata aliyekauka juani anaua. Mbwa akimla huanza kutapika na kulegea, kisha pumzi hukwama. Ndiyo sababu nilisema “acha” ni neno la uhai: nikitembea pale macho yangu yako mita tano mbele ya pua yake, na kamba siiachi kwenye mstari wa takataka za mawimbi. Akimeza kipande, ni kwa daktari mbio, bila kungoja dalili.

Asinywe maji ya bahari; humharisha. Beba chupa ya maji matamu. Nyumbani msuuze, kausha masikio, pitisha vidole kati ya nyayo kuondoa mchanga. Na maji ya kisima yenye chumvi, ambayo nyumba nyingi za hapa huyatumia kuogea, yanafaa kumsuuzia lakini ya kunywa mpe yale yale unayokunywa wewe, hata kama ni ya kununua mtungi kwa mwenye mkokoteni.

Hatua ya 9: Kupe, kila siku

Kupe wa kahawia wa mbwa anapenda hali ya hewa yetu mwaka mzima, na hukaa ndani ya nyumba: nyufa za ukuta, nyuma ya pazia, chini ya godoro la mbwa. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Kwa hiyo kumtoa kupe aliye mwilini peke yake ni kufuta maji sakafuni bomba likiwa wazi. Kila jioni, ukimpapasa, pitia masikio ndani na nje, shingoni chini ya mkanda, makwapani, kati ya vidole. Mtoe kwa kibano karibu na ngozi, vuta moja kwa moja, mtie kwenye spiriti. Tumia dawa ya kinga aliyoipendekeza daktari kwa uzito wake, kwa tarehe, bila kuruka mwezi. Ziba nyufa, anika malazi yake juani kila wiki.

Tafadhali usimwogeshe kwa dawa ya ng’ombe kwa kukisia vipimo. Mbwa wa kilo saba ana ngozi ndogo na ini dogo, na kisha hujilamba.

Homa ya kupe ndiyo inayotakiwa kukuamsha: mbwa aliyekuwa akirukaruka anakataa chakula, anajificha, ufizi umepauka, wakati mwingine damu puani au mkojo mwekundu. Teria akikaa kimya siku nzima, huyo ni mgonjwa. Usingoje kesho.

Hatua ya 10: Chakula, kwa ufupi

Ugali mtupu na mifupa hautoshi. Mimi humpa chakula kikavu cha mbwa asubuhi, na jioni wali kidogo na matumbo au samaki aliyetolewa miiba, pamoja na malenge au karoti. Vitunguu, kitunguu saumu, zabibu, chokoleti na peremende zisizo na sukari ni sumu kwake, kwa hiyo mabaki ya pilau na biriani hayamhusu, hata wageni wakikusihi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Ukipapasa mbavu uzihisi bila kuzitafuta, na kiuno kionekane kutoka juu. Majirani wakimpenda atanenepa. Waombe wampe pongezi badala ya mahamri.

Hatua ya 11: Panya na sumu ya panya

Ataua panya, na utajivunia. Lakini mkojo wa panya hueneza ugonjwa wa leptospira, unaompata mbwa na mtu, kwa hiyo mkumbushe daktari kuhusu chanjo yake, na panya aliyekufa mwondoe kwa mfuko, usimguse kwa mkono mtupu. Waulize majirani na wenye maduka ya chini kama wanaweka sumu. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na mbwa huonekana mzima siku tatu au nne kabla hajaanza kutoka damu. Ipo tiba, vitamini K, ikiwahi. Beba pakiti ya sumu uende nayo kliniki. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Yenyewe yanaweza kumuua.

Kwenye viwanja vyenye magugu kuna nyoka pia. Swila akimtemea machoni, mwoshe kwa maji mengi dakika kumi na tano, kisha daktari.

Hatua ya 12: Akimng’ata mtu, au aking’atwa

Osha kidonda cha mtu kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa wako ana chanjo zote. Chukua cheti chake uende nacho. Lipia matibabu bila kusubiri kuombwa. Kama ni Chachandu aliyeng’atwa na mbwa usiyemjua, vaa glavu, msafishe, na apewe chanjo ya nyongeza haraka.

Hatua ya 13: Jaribu njia ya daktari kabla hujaihitaji

Siku ile ya Februari tuktuk mbili zilinikatalia. Mmoja wa madereva aliogopa najisi kwenye viti vyake, na siwezi kumlaumu. Ndiyo riziki yake na wateja wake ni wa swala. Wiki iliyofuata nilinunua kikapu cha plastiki chenye kifuniko cha kufunga, nikatandika gunia safi ndani, nikamzoesha Chandu kula chakula chake humo hadi akakipenda. Kisha nikamtafuta dereva mmoja wa mtaani, nikamwonyesha kikapu, nikamwuliza waziwazi kama anaweza kutubeba usiku na kwa bei gani. Alikubali. Tulikwenda naye kliniki mchana mmoja bila ugonjwa wowote, tukahesabu dakika, tukajua lango la usiku liko upande gani. Nambari yake na ya daktari nimeziandika kwa kalamu nene nyuma ya mlango, kwa sababu simu huzima chaji, na anayeweza kuwa nyumbani siku hiyo si lazima awe mimi.